Re: Hospitali ya wilaya kuwa saiti ya utafiti, tununue mashine gani?

Mkuu, umeuliza mashine za kununua kwa kuwa hospitali yenu imealikwa kwenye mtandao wa jaribio la dawa. Mashine ni suala dogo. Jaribio la FEAST, la kumiminia maji ya dripu watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko, lilifanyika Kilifi (Kenya), Muheza (Tanzania) na hospitali nne za Uganda, ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hakuna. Watoto 3,141. Matokeo yalitoka 2011: waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa kama 10.5% ndani ya saa 48, wasiomiminiwa 7.3%. Pengo la namna hiyo haliaminiki mpaka saiti zote zipime na kuandika kwa njia moja.

Chukua sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili itengane. Itifaki, yaani mwongozo wa jaribio, inasema 1,500 g (nguvu mara 1,500 ya mvutano wa dunia, si gramu) kwa dakika 10. Saiti moja inaweka mizunguko 3,000 kwa dakika na iko sahihi, maana kutoka katikati ya rota hadi kitako cha tyubu ni sm 15. Nyingine ina kimashine cha mezani cha sm 10. Mizunguko ileile inatoa kama 1,000 g tu. Plazma, yaani majimaji ya damu, inabaki na chembe sahani (za kugandisha damu), halafu wachambuzi wanahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo. Kanuni ni hii: g = 0.00001118 × sm × mizunguko × mizunguko. Kwa sm 10 mnahitaji kama 3,660. Andikeni jibu kwa kalamu nene, bandikeni kwenye mfuniko.

La pili ni saa. Damu ya tyubu nyekundu, isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iache igande dakika 30 kabla ya kuzungusha. Damu ya kupima sukari iingie tyubu ya kijivu, yenye floridi. Kwenye tyubu isiyo na floridi chembe zinaendelea kula sukari, inashuka takriban 5 hadi 7% kila saa. Damu ikicheleweshwa kwenye friji kabla ya kuzungushwa, potasiamu inavuja kutoka kwenye chembe na mgonjwa anaonekana yuko hatarini bure. Kwa hiyo fomu iwe na saa ya kuchukua na saa ya kufika maabara, na saa za ukutani zilingane. Halafu kuna mtego wetu wenyewe: muuguzi anaandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, kompyuta inasoma usiku wa manane. Lazimisheni 09:00 tangu siku ya kwanza.

Friza ya sampuli ya nyuzi -80 bila jenereta inayojiwasha ni kabati tu. Kengele yake ipige simu ya mtu anayelala jirani, maana umeme hupenda kukatika Jumamosi. Barafu kavu ya kusafirishia sampuli (kaboni dioksidi iliyogandishwa) inayeyuka kuwa gesi: msisafirishe Ijumaa, isije ikaisha wikendi, msizibe boksi likakosa pa kupumulia, na gari liwe na dirisha wazi.

Vibali vya Tanzania: maadili NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), jaribio la dawa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Vyote viwili mkononi kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Kwenye ridhaa, asiyejua kusoma awe na shahidi asiye wa timu ya utafiti. Kosa linalokamatwa sana na wakaguzi ni la kizembe: bodi ya maadili imepitisha toleo jipya la fomu ya ridhaa, wodini bado wanasainisha la zamani. Siku toleo jipya linapofika, kusanyeni nakala zote za zamani wodini, hata zile zilizofichwa kwenye droo ya zamu ya usiku.