Beki wa hoki ya barafu: umwamini kwa takwimu au kwa macho?

Mkuu nimekusoma, beki wako takwimu zinamsifia ila kila ukimwangalia anapoteza kisahani (puck, ndo mpira wa hoki ya barafu) mpaka roho inakudunda. Kwanza achana na plasi-mainasi (kwa kifupi, magoli timu yake inayofunga akiwa uwanjani kutoa inayofungwa), ile inambebesha beki makosa ya kipa na wenzake, we fikiria Erik Karlsson msimu wa 2022-23 pale San Jose Sharks alipiga pointi 101 akabeba tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi ya NHL, huku plasi-mainasi yake iko hasi 26! Cheki Corsi, takwimu inayolinganisha mashuti ya timu yake na ya wapinzani akiwa uwanjani, inahesabu yote, yaliyolenga, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa, ila angalia pia anapangwa dhidi ya nani na anaanzia eneo gani, maana anayekaba mastaa kila siku na kuanzia golini kwao lazima namba zichafuke. Mechi kumi hazitoshi kabisa.

Halafu rudia mechi umkazie macho yeye tu, sahau kisahani: anamzuia mpinzani kwenye mstari wa bluu (unapoanzia ukanda wa ulinzi wao) au anarudi nyuma tu? Anatoa pasi safi au anabutua? Kosa moja lililozaa goli linakaa kichwani kuliko kazi zote za kimya, ndo maana macho yanadanganya. Takwimu na macho vikigombana mimi narudi kwenye video. Na kama unataka kubetia hizo namba, tulia kwanza.