Kibao cha Mesopotamia kisicho na hati

Ndugu, umeuliza kama ununue kibao cha udongo cha Mesopotamia (eneo la Iraki ya leo) chenye mwandiko wa kikabari, yaani maandishi ya kale ya alama zenye umbo la kabari, ambacho muuzaji anadai kilirithiwa lakini hana hati yoyote. Nakusihi usikinunue. Makumbusho ya Taifa ya Iraki yaliporwa Aprili 2003, vikaibwa takriban vitu 15,000, na mwezi uliofuata Azimio namba 1483 la Baraza la Usalama likazitaka nchi zote kuzuia biashara ya malikale zilizotolewa Iraki kinyume cha sheria tangu Agosti 1990. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha kibali cha kusafirisha au risiti ya zamani yenye tarehe.

Vingi vya vibao hivyo vinaenea kiganjani, na alama zake, zilizogandamizwa kwa kijiti cha tete udongo ungali mbichi, mara nyingi ni hesabu za kondoo au shayiri. Mwizi akikichimbua usiku, hatutajua tena kilikaa katika chumba gani wala pamoja na vibao gani, na hasara hiyo, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya fedha zako, hairekebishiki hata kibao kikirudishwa Baghdad.