Breka inayojikata mchana wa joto: kuweka kubwa zaidi si tiba

SWALI: Mhandisi, salaam. Ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyoezekwa kwa mabati na kuwekwa dari ya jipsamu. Mwaka jana tuliweka viyoyozi viwili vya BTU 12,000, kimoja sebuleni na kimoja chumbani, vyote vikachomekwa kwenye soketi zilizokuwepo. Tangu Desemba breka ya soketi, ambayo ni ya ampea 20, inajikata karibu kila siku kati ya saa 8 na saa 10 mchana, na mara nyingine usiku. Soketi ya kiyoyozi cha sebuleni imegeuka rangi ya kahawia na inatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Jioni pangaboi zinazunguka kivivu, na friji inalia "tak" kisha inanyamaza. Fundi anashauri tuondoe breka ya 20 tufunge ya 32. Je, nimkubalie?

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie. Na kabla hujaendelea kusoma, zima kiyoyozi cha sebuleni, chomoa plagi yake, na soketi ile isitumike tena mpaka ibadilishwe, kwa sababu kati ya yote uliyoyaeleza hilo ndilo linaloweza kuwasha moto. Mengine yanaweza kusubiri juma moja, hilo lisisubiri jioni.

Dalili ulizozitaja zinatokana na mambo matatu tofauti yaliyokutana katika msimu mmoja: laini iliyobebeshwa kuliko uwezo wake, kiungo kilicholegea, na umeme unaofika nyumbani ukiwa na volti pungufu. Joto halikuzaa hata moja kati ya hayo, ila limemaliza ile nafasi ndogo ya ziada iliyokuwa ikiyaficha miezi ya baridi.

Tuanze na breka. Kiyoyozi cha BTU 12,000 cha aina ya kawaida hutumia takriban wati 1,000 hadi 1,300, yaani ampea 5 hadi 6 kwenye volti 230, hivyo viwili vinachukua ampea 10 hadi 12. Birika la umeme la wati 2,000 linaongeza karibu ampea 9, pasi ya wati 1,000 zaidi ya 4, na friji huongeza kidogo. Mkiwasha vyote kwa pamoja mmefika ampea 25 kwenye laini moja. Mwezi Julai jambo hili halionekani, kwa kuwa kompresa, yaani pampu ya gesi ya kiyoyozi, huzima kila chumba kinapopoa na ni nadra zote mbili kufanya kazi kwa muda mrefu wakati mmoja. Mwezi Januari saa 8 mchana, bati likiwa limekolea jua, kompresa hazipumziki.

Ndani ya breka mna kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa, ambacho hupinda kinapopashwa moto na mkondo uliozidi, kisha kikaifyatua swichi. Breka za nyumbani hupimwa kiwandani kwa kigezo cha nyuzi joto 30. Katika kigezo hicho inatakiwa ivumilie mara 1.13 ya namba iliyoandikwa juu yake kwa saa nzima bila kukata, na mkondo ukifika mara 1.45 inatakiwa ikate ndani ya saa hiyo. Ampea 25 kwenye breka ya 20 ni mara 1.25, yaani katikati ya mipaka hiyo miwili, na ndiyo sababu haikati papo hapo bali baada ya muda. Kama kisanduku kimefungwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, itakata mapema zaidi. Kwa maelezo uliyonipa, breka yako ni nzima na inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Sasa tuiangalie hiyo ya 32. Breka haikuwekwa ili kulinda kiyoyozi. Imewekwa kulinda waya uliomo ukutani na darini. Laini nyingi za soketi katika nyumba zetu huvutwa kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye ganda la PVC, ndani ya bomba la plastiki. Waya huo unahesabiwa kubeba ampea 24, lakini hesabu hiyo ni ya mazingira ya nyuzi 30, tena kwa sharti kwamba waya wenyewe hauvuki nyuzi 70. Juu ya dari, chini ya bati lisilo na kizuia joto, hewa hufika nyuzi 50 bila shida katika mchana wa Januari au Februari. Kwenye joto hilo jedwali la uwezo wa waya linatutaka tuzidishe kwa 0.71, na ampea 24 zinabaki 17. Maana yake ni kwamba, kama waya wako unapita darini, hata breka ya 20 uliyonayo imezidi kidogo, na mimi ningefunga ya 16. Ya 32 ingeweza kupitisha ampea 46 kwa muda unaokaribia saa nzima kabla ya kulazimika kukata, na waya ni ule ule wa ampea 17. PVC inayopashwa namna hiyo haiungui siku ya kwanza. Inakauka, inapasuka, na baada ya miaka michache fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zinagusana juu ya dari mahali ambapo hakuna anayepaona. Wakati huo fundi aliyefunga breka ameshabadilisha namba ya simu.

Tiba yake ni kuvipa viyoyozi laini zao. Kila kimoja kivutiwe waya wake wa 2.5 kutoka kwenye meni swichi, kiwe na breka yake ya ampea 16 ya aina C, ambayo inavumilia mshituko wa kompresa inapoanza bila kukata ovyo, na kiishie kwenye swichi ya kiyoyozi iliyofungwa ukutani badala ya plagi ya pini tatu. Waya uteremshwe ukutani kwa njia fupi pale inapowezekana, na pale unapolazimika kupita darini usilazwe moja kwa moja chini ya bati. Kama viyoyozi vyako ni vya inverta, yaani vile ambavyo kompresa yake huongeza na kupunguza kasi pole pole, mshituko wa kuanza utakuwa mdogo sana, lakini laini ya peke yake bado inahitajika. Soketi zilizobaki zitabaki na pasi, birika, friji na televisheni, na ndivyo zilivyokusudiwa.

Kuhusu soketi iliyobadilika rangi, elewa kwanza kwamba breka haiwezi kukusaidia hapo, ya ukubwa wowote. Breka hupima mkondo, na mkondo unaopita kwenye kiungo kibovu ni ule ule wa kawaida wa ampea 6. Kinachobadilika ni ukinzani wa mahali pale, yaani jinsi panavyouzuia mkondo kupita. Joto linalozalishwa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, kwa hiyo kiungo chenye ukinzani wa omu 0.3 tu kinatoa wati 10.8 kikipitisha ampea 6. Wati hizo zikikusanyika kwenye skrubu moja, ndani ya kisanduku kisicho na hewa, saa sita mfululizo, zinatosha kulainisha plastiki na kuchoma ganda la waya. Kiungo kikipata moto shaba inafanya kutu, kutu inaongeza ukinzani, na ukinzani unaongeza moto. Ndiyo maana tatizo hili halijiponyi na huenda kasi zaidi kadiri linavyokua.

Sababu za kulegea ni nyingi: kupanuka na kusinyaa kwa skrubu kila kiyoyozi kinapowaka na kuzimwa, waya mbili au tatu zilizobanwa chini ya skrubu moja, vibano vya ndani vyembamba vya soketi za bei rahisi, na, kwa nyinyi mnaokaa karibu na bahari, hewa yenye chumvi ambayo hula shaba na shaba nyeupe pole pole. Vyovyote iwavyo, msikubali soketi isuguliwe kwa msasa na kukazwa upya. Ibadilishwe soketi pamoja na plagi, kwa sababu kibano kilichopata moto kimepoteza nguvu ya kubana na pini iliyoungua itaichoma soketi mpya. Waya nao ukatwe nyuma mpaka ionekane shaba ing'aayo na ganda lililo laini. Ukikatwa kidogo kisha ganda likavunjika kama ganda kavu la karanga, bado hujafika penye uzima. Soketi nyingine za laini hiyo zifunguliwe pia. Mara nyingi ile iliyoungua si peke yake, ni ya kwanza tu kuonekana.

Nakuja kwenye umeme hafifu wa jioni. Hapa watu wengi hukimbilia kununua stabilaiza, kifaa cha kupandisha volti zilizopungua, kabla ya kujua volti zinapotelea wapi, na mimi ningekuomba utumie kwanza mita ya fundi. Apime volti kwenye meni swichi asubuhi, kisha saa 2 usiku ambapo mtaa mzima umewasha, na kila mara apime pia kwenye soketi ya mbali wakati kifaa kikubwa kinafanya kazi. Kama volti kwenye meni swichi yenyewe zimeshuka hadi 190 au 180, upungufu unatoka nje ya nyumba: transfoma iliyozidiwa, laini ndefu ya mtaa, au kiungo kibovu nguzoni, hasa pale waya wa aluminiamu unapokutana na shaba, kwa kuwa metali hizo mbili hulana zikipata unyevu wa chumvi. Hiyo ni kazi ya TANESCO, na fundi wako haruhusiwi kuigusa. Waulize majirani na mtoe taarifa pamoja mkiwa na namba mlizopima na saa mlizozipima, kwa sababu taarifa ya "umeme ni mdogo" peke yake ni rahisi kuahirishwa.

Kama kwenye meni swichi kuna 225 na kwenye soketi kuna 205, upungufu uko ndani mwako. Waya wa 2.5 wa shaba hupoteza takriban volti 0.018 kwa kila ampea kwa kila mita ya urefu wa laini. Laini ya mita 20 inayobeba ampea 12 itapoteza kidogo zaidi ya volti 4, basi. Volti 20 haziwezi kuelezwa na urefu huo. Ama kuna kiungo kinachoungua mahali fulani, ama waya si shaba tupu. Sokoni kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu, ambao ukikwangua unyuzi wake kwa kisu unaona weupe ndani, na hata roli lake ni jepesi mno mkononi. Waya huo unapitisha mkondo mdogo kuliko shaba ya unene ule ule, na haufai kabisa kwa laini ya kiyoyozi.

Friji inayolia "tak" inaeleza jambo hilo hilo kwa upande wa mota. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka inashuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo kwenye volti 180 kompresa ina asilimia 61 tu ya nguvu iliyokuwa nayo kwenye 230. Inajaribu kuanza, inashindwa, inavuta mkondo mkubwa ikiwa imesimama, na kinga yake ya joto inaikata. Ule mlio ndio kinga hiyo. Ikirudiwa usiku mzima, koili za kompresa huungua. Kinga ya friji, kile kisanduku kidogo kinachozima volti zikishuka na kusubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kurudisha umeme, ni ya bei ndogo na inafaa, maana dakika hizo huruhusu presha ya gesi isawazike.

Stabilaiza ni suala jingine. Ikipokea volti 180 na kutoa 230 haiumbi umeme. Inavuta mkondo zaidi upande wa kuingilia. Kiyoyozi cha wati 1,200 kilichokuwa kinachukua ampea 5.2 kitachukua karibu 6.7, bila kuhesabu upotevu wa stabilaiza yenyewe. Ikifungwa kwenye laini iliyozidiwa au soketi iliyolegea, inauongeza moto ule ule tuliotoka kuueleza. Kwa hiyo ije mwisho, baada ya laini mpya, na tu ikiwa imethibitika kwamba upungufu unatoka nje.

Pangaboi zinaweza kuwa kivivu kwa sababu ya volti, lakini kama moja ni kivivu hata asubuhi, badilisha kapasita yake, kile kifaa kidogo kinachosaidia mota kuzunguka, ambayo kwa kawaida ni ya maikrofaradi 2.5. Joto la darini huzeesha kapasita haraka, na bei yake ni ndogo.

Jambo moja hukulitaja, nami nalitaja kwa tahadhari. Ikitokea taa zinawaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, au baadhi zinang'aa huku nyingine zikififia, zima meni swichi mara moja na uwaite TANESCO. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyokatika au kulegea, na volti zinaweza kupanda kuelekea 400 na kuunguza kila kilichochomekwa.

Fundi utakayempa kazi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na malipo ya mwisho yatoke baada ya kukuonyesha vipimo vitatu vilivyoandikwa: volti kwenye kila kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, ukinzani wa maganda ya waya uliopimwa kwa volti 500, ambao usipungue megaomu 1, na ukinzani wa ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Hicho cha mwisho akipime sasa, kabla ya masika, kwa kuwa mchanga wa Kigamboni ukikauka ukinzani wa ethi hupanda, na nondo ya ethi inayoonekana nzuri mwezi Mei inaweza isikulinde mwezi Februari. Kikiwa kikubwa, aongeze nondo ya pili kwa umbali usiopungua urefu wa ile ya kwanza, aziunganishe, kisha apime tena.