Kabla ya kuomba uhakimu wa kujitolea Uingereza

Ukitaka kuomba uhakimu wa kujitolea Uingereza na Wales, yaani mtu wa kawaida asiye mwanasheria kuamua kesi bila mshahara, soma kwanza historia yake. Masharti mengi ya leo yametoka huko.

Sheria ya 1361 iliagiza kila kaunti iwe na kabaila mmoja na watu watatu au wanne wa kuheshimika, pamoja na baadhi ya wajuzi wa sheria, walinde amani na kuwahukumu wakosaji. Leo kazi imegawanyika hivi: wananchi waamue, mwenye elimu ya sheria aelekeze. Hapa ndipo waombaji wengi wanapoteleza, wakikariri vifungu kabla ya usaili. Vifungu ni kazi ya mshauri wa sheria anayekaa na mahakimu, naye hapigi kura. Wewe unapimwa namna unavyosikiliza, unavyopima ushahidi, na kama unaweza kukubali hoja ya mwenzako bila kununa.

Cheo kilikuwa cha wenye ardhi. Mwaka 1439 kiliwekwa kima cha ardhi yenye kuingiza pauni 20 kwa mwaka. Sharti la mali likaja kufutwa 1906. Wanawake waliruhusiwa 1919. Mafunzo kwa wateule wapya yakawa ya lazima 1966, yaani kwa karne sita mtu aliweza kumfunga mwenziwe bila kufundishwa lolote! Leo umri ni miaka 18 hadi 74, na uraia si sharti. Polisi aliye kazini hakubaliwi.

Kabla ya kujaza fomu, nenda ukakae mahakamani zaidi ya mara moja. Kesi za jinai za watu wazima ziko wazi kwa umma. Za vijana na za familia hutaingia. Tazama mahakimu wawili au watatu wanavyokwenda faragha kushauriana. Wakiwa watatu, wengi wape, na aliyepingana nao hatangazwi. Wakiwa wawili wasikubaliane, kesi husikilizwa upya mbele ya wengine.

Kinachowaangusha wengi ni muda. Kiwango cha chini ni siku 13 kwa mwaka, na unatarajiwa kudumu miaka 5. Mwajiri analazimika kukupa ruhusa ya kiasi kinachofaa, lakini halazimiki kukulipa siku hizo. Mshahara wa uhakimu haupo; utadai nauli na fidia ya kipato ulichokosa, ambayo ina kikomo. Zungumza na mwajiri kwanza, ndipo ujaze fomu.