Ushuru wa soko kwa simu: wananchi mtawashirikishaje?
Mkuu umeuliza mtapataje maoni ya wananchi kabla ya kuzindua mfumo wa kulipia ushuru wa soko kwa simu. Mi naona msianze na kikao ukumbini, huko watakuja wenyeviti na posho zao afu kila mtu atasema mfumo mzuri hongereni. Nendeni sokoni mchana wateja wakipungua, mwombe mama muuza nyanya atoe simu YAKE, hata kama kitochi, alipe mwenyewe, we nyamaza tu uangalie anakwama wapi. Sisi tulijaribu hivo, kumbe ile kontrol namba (namba ya kulipia serikalini) ya tarakimu 12 watu walikuwa wanaiandika kiganjani kwa peni! Na msitegemee apu tu, menyu ya huduma za serikali ya Tanzania, *152*00#, inafika hata kwa asiye na bando. Mkirekebisha rudini muwaonyeshe, la sivyo siku nyingine hawafungui mdomo.