Kwa wageni wa dawati la kodi ya majengo

Msimu wa bajeti umerudi na tayari nimeletewa rasimu yenye kosa lile lile la kila mwaka: kuhesabu kisicholipa kana kwamba kinalipa. Vijana, nawapenda, lakini mnanizeesha. Someni haya kabla hamjafungua tena jedwali la makadirio.

1. Anzeni na matumizi. Taka, barabara, taa, zimamoto, mishahara. Toeni ruzuku ya serikali kuu, ada na vibali. Pengo linalobaki ndilo la kodi ya majengo. Ligawanyeni kwa thamani inayotozwa, mnapata kiwango. Ni hesabu ya shule ya msingi, na labda ndiyo maana tunaikosea.

2. Thamani inayotozwa si ile jumla iliyo chini ya daftari la uthamini, yaani orodha ya mali zote na thamani zake. Hapa nitakaa kidogo, maana mimi mwenyewe nilishaungua.

Mara ya kwanza kuachiwa makadirio nilichukua jumla ya ukurasa wa mwisho, basi. Tuseme tulihitaji milioni 60 na daftari linasoma bilioni 10: nikaandika asilimia 0.6. Kumbe mthamini huingiza hata visivyolipa: shule, nyumba za ibada, makaburi, ofisi zetu wenyewe. Vikitoka hivyo, tuseme bilioni 2, kiwango ni 0.75. Ukikubali pia kwamba kwenye kila 100 unayodai utapata 90, kinafika 0.83. Madiwani walipoona 0.6 wakapiga meza kwa furaha. Mkuu wangu akanipa mkono. Nikajiona mtaalamu.

Bili zikatoka, fedha hazikuja. Nikadhani benki imechelewesha taarifa. Kisha nikawageukia wakusanyaji. Nikamwandikia mmoja barua ajieleze, na ndiye aliyekuwa akikusanya vizuri kuliko wote. Kwa kiwango kile, hata kazi ikifanyika sawasawa, zinaingia milioni 43 na ushee. Na kiwango kilikuwa kimeshapitishwa, hakibadiliki katikati ya mwaka. Mishahara haikatwi, mkopo haukatwi, kwa hiyo tukakata kile ambacho mwananchi anakiona: gari la taka likapunguziwa safari, orodha ya taa za kubadilisha ikalala kabatini. Aliyenifumbua macho ni karani wa masjala, kwa upole kabisa: "Bosi, hivi makaburi nayo yanalipa?" Barua ya kumwomba radhi yule mkusanyaji ilinichukua muda kuliko bajeti nzima.

Uingereza wamelifungia kosa hili mlango. Halmashauri kwanza hukokotoa wigo wa kodi: nyumba zao zimepangwa kwa madaraja ya thamani, nazo zote hugeuzwa kuwa sawa na za daraja D ambalo ndilo kipimo, misamaha imetoka, na asilimia ya makusanyo inayotarajiwa imeshazidishwa humo. Kiwango huja baadaye.

3. Uthamini mpya si mapato mapya. Thamani zikipanda maradufu, kiwango kinashuka; la sivyo mmepandisha kodi kimyakimya. Ila msiache daftari lichakae. Huko huko Uingereza (England, si Wales) nyumba bado zinapangwa kwa bei za Aprili 1, 1991, hivyo hata iliyojengwa juzi lazima ikisiwe ingeuzwa kiasi gani siku hiyo. California, tangu Proposition 13, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1978, thamani ya kutozea haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe, ndipo inarudishwa kwenye bei ya soko. Majirani wenye nyumba pacha wanalipa kodi zisizofanana hata kidogo.

4. Pingamizi la uthamini lijibiwe ndani ya muda wake. Sirudii.

5. Kaunta. Mtu akija na risiti akidai taa ya mtaani kwake, msimwahidi. Kodi inaingia mfuko mkuu, haina jina la mtaa. Lakini msikilizeni. Mzee mmoja alinipangia bili tatu mezani: kiwanja kimoja, majina matatu, moja la marehemu baba yake. Hakuwa amegoma. "Nilipe ipi, mwanangu?" Kwenye vitabu vyetu yalikuwa madeni matatu, mawili yakiwa hewa. Malimbikizo ya namna hiyo yapelekeni yafutwe kwa utaratibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu kwenye rasimu niliyoletewa yamehesabiwa kama mapato.