Sauti inayokwaruza katika Juno-106

Ndugu, umeuliza kama uuze Roland Juno-106 yako kwa sababu kila noti ya sita inakwaruza kama mafuta ya moto kikaangoni. Tafadhali usiiuze. Sintesaiza hiyo ya mwaka 1984, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, ina sauti sita, yaani saketi sita zinazopokezana noti unazopiga, kila moja ikiwa na chipu yake ya 80017A iliyofunikwa kwa gamba la resini ambalo, kadiri miaka inavyopita, huanza kuvujisha umeme. Mwombe fundi makini aitambue chipu yenye kasoro, aing'oe bila kuunguza bodi, ailoweke kwenye asetoni hadi gamba lilainike na kubanduka, airudishe, kisha asawazishe filta, sehemu inayochuja sauti. Halafu washa korasi, kile kionjo kinachoipanua sauti, shikilia noti tatu za chini, na usikilize zinavyotanda chumbani. Uzito huo wa sauti ndio uliokuwa karibu kuuachia.